RAMANI YA RELI TULIZOSAFIRI

Siku hizi iko kazi waifanyayo watu wengi katika nchi nyingi, nayo yafaa tuijue sisi tukaao Shinyanga, Kahama na Geita. Kazi hiyo ni kuchora ramani ya njia za reli ambazo mtu amezisafiri mwenyewe. Mtu huchukua simu yake ya mkononi au kompyuta, akafungua ramani ya nchi, kisha akatia rangi katika kila kipande cha reli alichokipita kwa gari la moshi tangu utoto wake. Mahali asipopita hupaacha peupe. Akiisha kumaliza anayo ramani isiyo na mwenziwe duniani, kwa maana ni vigumu kupata watu wawili waliosafiri njia zilezile, kwa miaka ileile, kwa haja zilezile.

Yamkini mtu atasema, "Huo ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sisi wakulima na wachimbaji una faida gani kwetu?" Nasi twajibu kwamba huu si mchezo mtupu, ni sehemu ya historia. Habari za reli tunazozisoma vitabuni ni habari za magavana, na wahandisi, na hesabu za fedha. Habari za yule aliyeketi katika behewa la daraja la tatu, kikapu chake miguuni na mtoto mgongoni, hazimo. Ramani ya msafiri ndiyo iwezayo kumtia yeye katika historia. Tena kazi hii si ngeni kwetu kama tudhanivyo. Katika nchi hii watu walichora ramani za njia walizopita kabla haijalazwa hata chuma moja ya reli, na katika makosa yao na katika uangalifu wao yako mafundisho kwa kila mtu atakaye kuchora leo.

RAMANI YA KOA

Mwaka 1854 alikaa Tanga mmisionari mmoja Mjerumani, jina lake Jakob Erhardt, mwenzake Johannes Rebmann wa Rabai. Wakati ule ramani za Ulaya zilikuwa hazionyeshi kitu katika bara yetu. Toka pwani kuingia ndani palikuwa peupe. Erhardt hakwenda bara mwenyewe, bali aliwauliza wafanya biashara na wapagazi wa misafara. Aliyetoka kwa njia ya kaskazini alimwambia, "Mwisho wa safari tuliona maji makuu." Aliyekwenda kwa njia ya kati, katika Unyamwezi mpaka Ujiji, alisema vilevile, "Mwisho tuliona maji makuu." Na aliyetoka Kilwa kwa njia ya kusini akasema neno lilo hilo.

Basi Erhardt na Rebmann wakafikiri, wakaona kwamba ikiwa njia zote tatu zaishia majini, bila shaka maji hayo ni mamoja. Wakachora ziwa moja kubwa mno, lililopinda, umbo lake kama la koa, yaani konokono asiye na nyumba. Ramani ile ikapigwa chapa Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856, na wenye elimu wakaistaajabia, wengine wakaicheka.

Leo kila mtoto wa shule ajua kwamba maziwa ni matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Lakini tuangalie sana kosa lilikuwa wapi. Wasafiri hawakusema uongo. Kila mmoja alieleza kweli ile njia aliyoipita kwa miguu yake, na maji aliyoyaona kwa macho yake. Kosa lilikuja katika kuunganisha, pale mchoraji alipojaza kwa mawazo mahali ambapo hapakuwa na shahidi. Hata hivyo hatuwezi kuwadharau watu wale, maana ndio waliowasikiliza wenyeji kwa makini kuliko wengi wa wakati wao, na ramani yao ilikuwa sababu moja ya Chama cha Jiografia cha London kuwatuma watu waje kutazama.

SPEKE KATIKA NCHI YETU

Waliotumwa ni Richard Burton na John Hanning Speke. Walifika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, mwezi wa Novemba mwaka 1857, wakaendelea mpaka Ujiji, wakarudi. Burton alikuwa mgonjwa. Speke akaondoka Kaze tarehe 9 Julai 1858, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani na mkono wake wa kuume, wakashika njia ya kaskazini. Walipita Msalala, wakapita Nindo na Salawe, majina ambayo msomaji wa Shinyanga hahitaji kuelezwa, kwa kuwa vijiji hivyo vipo mpaka leo. Tarehe 3 Agosti 1858 walifika mahali ambapo sasa ni Mwanza, wakayaona maji yasiyo na mwisho.

Sasa tuone jinsi Speke alivyochora. Alikuwa na dira ya kumwonyesha upande aelekeao, na saa ya kumwambia ametembea muda gani. Mtu akijua upande na muda, na akijua mwendo wake kwa saa moja, aweza kuweka mstari juu ya karatasi. Usiku alipima nyota apate kujua yuko mbali gani na mstari wa Ikweta. Hata urefu wa nchi toka bahari aliupima kwa kuchemsha maji na kutia kipimajoto, kwa maana maji yachemka upesi zaidi mahali palipoinuka. Kwa vyombo hivi vichache alichora njia yake kutoka Kaze hata ziwani, na mstari ule haukuwa mbali na kweli.

Lakini Speke hakukaa ziwani ila siku chache. Aliona ncha moja tu ya kusini, kisha akarudi Kaze akamwambia Burton kwamba ameiona asili ya Mto Naili. Burton hakukubali. Alisema, mtu aliyeona pembe moja ya ziwa awezaje kusema habari za pembe nyingine? Ugomvi wao ukadumu miaka. Baadaye ilionekana kwamba Speke alikuwa amesema kweli. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alitoka Kageyi katika Usukuma kwa mashua, akalizunguka ziwa lote kwa muda wa karibu miezi miwili, na shaka ikaondoka. Lakini hata kama Speke alikuwa na haki kwa jambo lenyewe, Burton alikuwa na haki kwa kanuni. Kuona ni jambo moja, na kukisia ni jambo jingine, na katika ramani mambo hayo mawili yasitiwe rangi moja.

RELI YENYEWE

Baada ya misafara ilikuja reli. Wajerumani walianza Reli ya Kati katika Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, safari ya kilometa zaidi ya 1,250. Kwa sehemu kubwa ilifuata nchi ileile waliyoikanyaga wapagazi wa pembe.

Lakini Usukuma ilikuwa bado haina reli. Pamba na ngozi za Mwanza zilitiwa melini, zikavuka ziwa mpaka Kisumu, ambako reli ya Waingereza ilikuwa imefika tangu mwaka 1901, kisha zikateremka mpaka Mombasa. Mali ya Tanganyika ilitokea katika mlango wa Kenya. Ndipo baada ya Vita Kuu ya kwanza serikali ya Waingereza ikajenga tawi kutoka Tabora kwenda kaskazini, na mwaka 1928 gari la moshi likafika Mwanza. Tawi hilo lina urefu wa kilometa kama 380, na stesheni zake twazijua: Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka, Bukwimba, Mantare, Fela, na nyinginezo.

Sasa msomaji atwae ramani, atazame umbo la tawi hilo. Tabora na Mwanza ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Ndege arukaye moja kwa moja angepita kilometa zipatazo 280 tu. Lakini reli haikwenda kama ndege. Imepinda mashariki kama upinde, ikapita Shinyanga na Malampaka katikati ya nchi ya pamba, kisha ikarudi magharibi mpaka ziwani. Kilometa 100 za nyongeza zimetiwa katika upinde huo. Na Geita je? Geita iko upande wa pili, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Mgongo wa upinde umeelekea mashariki, na Geita imeachwa magharibi peke yake. Mtu aweza kusafiri tawi hili mara ishirini asilione jambo hilo dirishani. Siku achorapo mstari kwa mkono wake ndipo alionapo.

JINSI YA KUCHORA

Njia za kuchora ni mbili. Ya kwanza ni kwa safari ambayo bado hujaifanya, na ya pili ni kwa safari zilizokwisha.

Kwa safari ijayo, simu yenyewe yaweza kuwa dira, na saa, na kipimo cha nyota, vyote pamoja. Juu angani, kama kilometa 20,000 kutoka chini, vyazunguka vyombo viitwavyo satelaiti. Kila kimoja chatangaza bila kukoma kwamba saa yake ni ngapi na yeye yuko wapi. Simu hupokea matangazo hayo, ikapima yamechelewa kiasi gani njiani, na kwa kuchelewa huko ikajua umbali wa kila satelaiti. Ikizisikia nne au zaidi, yaweza kujua mahali ilipo duniani. Hesabu hiyo ni ya ajabu kwa uangalifu wake, maana mawimbi hayo yaenda kwa mwendo wa mwanga, kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Saa ikikosa kwa sehemu moja tu katika milioni ya sekunde, mahali pakosewa kwa meta 300. Mpango wa kwanza wa namna hii ni wa Marekani, nao ulikamilika mwaka 1995. Mpaka tarehe 2 Mei 2000 wenyewe waliupunguzia usahihi kwa makusudi kwa watu wasio askari. Tangu siku hiyo kizuizi kimeondolewa, na raia yeyote hupata kipimo chema.

Watu wengi hudhani kwamba kazi hii yahitaji mnara wa simu na salio. Sivyo. Satelaiti hazidai senti. Mtu aweza kupakua ramani nyumbani penye intaneti, akitumia programu kama OsmAnd au Organic Maps, kisha akasafiri porini pasipo mnara wowote, na njia yake ikaandikwa ndani ya simu. Lakini ashike mambo machache. Aketi karibu na dirisha, kwa sababu paa la chuma la behewa huzuia mawimbi. Awe na betri ya akiba, maana safari ya reli ni ndefu na kuandika njia hula nguvu. Tena asiiambie simu iandike nukta nyingi kupita kiasi. Gari liendalo kilometa 36 kwa saa hupita meta 10 kwa kila sekunde. Simu ikiandika nukta moja kila sekunde 10, nukta zitaachana meta 100, na hiyo yatosha kuonyesha kila pindo la reli. Kila nukta ina mambo manne: umbali wake toka Ikweta, umbali wake upande wa mashariki, urefu wake toka bahari, na saa. Zikiunganishwa ndizo ziwazo mstari.

Kwa safari zilizokwisha kazi ni nyingine, nayo yafanana na ile ya Erhardt, kwa kuwa yategemea kumbukumbu na ushahidi. Mchoraji hufungua ramani iliyokwisha kuchorwa reli zote, akatafuta kipande baada ya kipande, akajiuliza, "Hapa nilipita? Mwaka gani? Kwa haja gani?" Hutafuta tikiti za kale, barua, cheti cha shule, na picha. Anapokuwa na hakika hutia mstari mzima. Anapokumbuka lakini hana hakika ya mwaka, hutia mstari wa vinukta. Asipojua huacha peupe. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Na katika kazi hii mwongo hujidhuru mwenyewe, maana hiyo ni ramani ya maisha yake.

Asiye na simu ya namna hiyo asikate tamaa. Karatasi ya daftari na kalamu mbili za rangi zatosha kwa mwanzo. Jambo lililo kubwa ni ushahidi wa msafiri, na huo hauuzwi dukani.

NAFASI NYEUPE ZASEMA

Huenda mtu akadhani kwamba thamani ya ramani hii i katika mistari. Sisi twaona kwamba mara nyingi i katika mapengo. Tutaeleza kwa mfano.

Tulimwomba mzee mmoja wa kijiji chetu atuonyeshe kwa kidole safari zake. Alituambia kwamba mwaka 1956 alikwenda kukata mkonge. Wakati ule wenye mashamba walikuwa na chama cha kuandika wafanyakazi, kilichoitwa SILABU, kilichoanzishwa mwaka 1944, na watu wa bara walioandikwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alijulikana kwa nambari yake. Mzee alipanda gari la moshi Shinyanga, akabadili Tabora, akateremka Morogoro. Kidole chake kikasimama. Tukamwuliza, "Baba, na kutoka hapo mpaka Korogwe?" Akasema, "Hapo tulipakiwa katika lori." Kisha akasema kwamba alikwenda mara ya pili mwaka 1965, na safari hiyo hakuona lori. Alikaa juu ya reli mpaka Korogwe.

Sisi tulistaajabu kidogo, tukadhani mzee amechanganya. Lakini tulipotazama historia tuliona kwamba amesema sawasawa kabisa. Reli ya Tanga na Reli ya Kati zilijengwa mbalimbali, na kwa zaidi ya miaka 50 hazikukutana. Ziliunganishwa mwaka 1963 kwa njia mpya itokayo Ruvu mpaka Mnyusi karibu na Korogwe. Basi pengo katika safari yake ya kwanza si usahaulifu. Pengo hilo ni tarehe. Mtu ajuaye kusoma ramani angeweza kusema, bila kuambiwa mwaka, kwamba safari ya kwanza ilikuwa kabla ya 1963 na ya pili baada yake. Mzee wetu hajui kusoma, lakini kidole chake kilikuwa kitabu.

Ziko pia reli ambazo zilikuwako, watu wakazipanda, nazo leo hazipo. Kutoka Manyoni kwenda upande wa Singida ilijengwa reli katika miaka ya 1930, ikang'olewa katika miaka ya 1940. Ile ya Singida ijulikanayo leo ilijengwa upya miaka mingi baadaye. Kusini, ule mpango mkubwa wa karanga baada ya Vita Kuu ya pili ulileta reli mpaka Nachingwea. Mpango ukaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikaondolewa. Aliyesafiri njia hizo akichora ramani yake, atachora mstari mahali ambapo kijana wa leo aona shamba la mihogo na tuta lililoota nyasi. Akifa bila kuchora, hapana simu wala satelaiti iwezayo kurudisha safari yake. Satelaiti zaona tuta. Hazimwoni aliyepita juu yake.

Tena ziko tofauti ambazo ramani ya kawaida haizionyeshi, lakini miguu ya msafiri yazijua. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukamilika mwaka 1975, yatoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia, kilometa 1,860. Upana wa njia yake ni milimeta 1,067, na ule wa Reli ya Kati ni milimeta 1,000. Tofauti ni kidogo kuliko upana wa kiganja, lakini kwa ajili yake gari la njia moja haliwezi kupita katika nyingine, na mtu wa Shinyanga aendaye Mbeya kwa reli hana budi kushuka Dar es Salaam, akachukua mizigo yake, akaenda stesheni nyingine. Na sasa imekuja njia ya tatu, reli ya kisasa yenye upana wa milimeta 1,435, ambayo mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa nguvu za umeme. Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza mpaka Isaka liliwekwa mwezi wa Juni mwaka 2021. Kwa hiyo mchoraji mwangalifu hutia rangi moja kwa reli ya zamani na rangi nyingine kwa mpya, hata kama zote mbili zaenda mji uleule, kwa sababu wajukuu watauliza, "Babu, wewe ulipanda ipi?"

GEITA NA MAJI

Turudi Geita, maana huko nafasi nyeupe ni kubwa. Dhahabu ya huko ilijulikana tangu siku za Wajerumani. Mgodi mkubwa wa kwanza ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966, na mgodi mpya ulifunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Katika muda huo wote reli ilikuwa ng'ambo ya maji. Mchimbaji aliyetoka Dodoma au Tabora kwa gari la moshi alishuka Mwanza, akatafuta chombo cha kuvuka, au akaenda mpaka Kigongo akapanda pantoni kwenda Busisi. Watu wamengoja pantoni saa nyingi, wagonjwa kwa wazima. Ilikuwa hivyo mpaka tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la kuvuka ghuba hiyo, lenye urefu wa kama kilometa 3.

Basi mtu wa Geita akisema, "Mimi sina ramani ya reli, kwetu haifiki," twamwambia achore vivyo hivyo. Aanze stesheni ya Mwanza, kisha kwa rangi ya maji achore pantoni, na kwa rangi ya udongo achore lori au miguu mpaka kijijini kwake. Ramani hiyo itaonyesha yale ambayo ramani ya shirika la reli haiwezi kuonyesha, yaani safari haiishi stesheni. Kwa wengi wetu stesheni ni katikati ya njia. Na siku watu wakikaa kushauriana barabara gani ijengwe na reli ipite wapi, mamia ya ramani za namna hiyo yatakuwa hoja yenye nguvu kuliko maneno matupu, maana zitaonyesha watu walikotoka na walikokwenda kwa kweli.

KUUNGANISHA BILA KUKISIA

Tulisema kwamba Erhardt alikosea katika kuunganisha. Je, leo twaweza kuunganisha ramani za wengi bila kuchora koa mwingine? Twaweza, kama kila mtu ataleta alichokipima au alichokiona, na kama mwenziwe ana ruhusa ya kukisahihisha. Mwaka 2004 huko Uingereza mtu mmoja, Steve Coast, alianzisha ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, ambayo yeyote aweza kuichora na yeyote aweza kuitumia bila malipo. Reli, barabara, visima na shule hutiwa na watu wa mahali penyewe. Katika Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, wanafunzi na wenyeji walichora mitaa na mifereji yao kwa kazi iliyoitwa Ramani Huria, ili ijulikane mafuriko yatapita wapi. Ilikuwa kazi ya kuokoa nyumba na watu, si kazi ya mapambo.

Katika ramani hiyo majina ya mahali petu mara nyingine hayapo, au yameandikwa vibaya na mtu wa mbali. Nani atakayeyasahihisha ila sisi tunaojua jinsi yanavyotamkwa? Lakini zishikwe kanuni. Usinakili ramani ya mwenye haki zake. Usiandike jina la kusikia tu. Usipige picha daraja wala stesheni mahali palipokatazwa. Na ukitaka kuwaonyesha watu njia yako, kata kwanza kile kipande kitokacho mlangoni pako mpaka stesheni, pamoja na saa zake, kwa kuwa si kila msomaji wa ramani ni rafiki, na mwizi naye ajua kusoma mstari.

Wasomaji wapenzi, wapagazi walioyaona maji makuu hawakuandika majina yao, na ramani iliyotoka midomoni mwao hujulikana kwa majina ya wengine. Walioteremka Morogoro kupakiwa malori wangali hai wachache, nao wanazeeka. Mwalimu awape wanafunzi wake kazi hii wakati wa likizo: kila mtoto akae na mzee mmoja wa nyumba yake, amwulize alipanda gari la moshi wapi, akashuka wapi, mwaka gani, alikuwa anatafuta nini, na alirudi na nini. Achore mstari, aache mapengo kama yalivyo, na chini yake aandike jina la mzee kwa herufi nzuri, kisha ampe mzee mwenyewe aitazame. Nakala moja iwekwe katika sanduku la shule, pakavu, mahali mchwa hawafiki.